Nea Gavrilă na Difu Mbili za Gari la Uokoaji

Tarehe 30 Septemba 2024, Bwana Gavrilă Buciuman, nea Gavrilă (yaani kaka mkubwa Gavrilă) kwetu sote hadi kwa mkurugenzi, anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Uokoaji Milimani ya Valea Corbului kwa miaka thelathini na minane na miezi saba. Katika muda huo amezika wakurugenzi wawili, amewashinda wanne kwa hoja, na hajawahi kumwazima mtu spana bila kumwandika jina.

Kamati imeniomba mimi niandike wasifu huu kwa kuwa nimeendesha magari yake kwa miaka kumi na mitano. Nilikubali kabla hawajamaliza kuniomba. Katika jalada la utumishi la nea Gavrilă kuna barua moja ya onyo, moja tu, na ndiyo iliyomnyima ukuu wa karakana. Kosa lililoandikwa humo lilikuwa langu, na leo nataka lijulikane.

Alianza mwaka 1986 kama fundi mwanafunzi wa matrekta ya msitu. Alipokabidhiwa stoo ya vipuri alikuta difu, zile gia za katikati ya ekseli zinazozungusha magurudumu, zimerundikwa kama viazi, hakuna ajuaye ipi inakwenda na gari gani. Alizifungua zote, akahesabu meno ya gia zake moja baada ya nyingine, na kila aliyoihesabu akaitia nukta nyekundu kwa rangi ya kucha ya mkewe, Bibi Lucreția. Mama huyo alikaa na kucha tupu msimu mzima, lakini stoo ikanyooka. Tangu hapo kipuri kisicho na nukta kwetu ni chuma tu.

Sifa yake ilivuka wilaya. Wenye magari ya zamani ya kupandia milima walimpigia simu kutoka mbali wakitaka ushauri wa giaboksi, ekseli au propela, ile shafti inayoipelekea difu nguvu ya injini. Aliwauliza maswali matatu: tairi lina urefu gani, injini ni ipi, na unakwenda wapi nalo. Kijana mmoja kutoka mjini aliyetaka kufunga matairi makubwa kupita kiasi alijibu swali la tatu kwa kusema, "Popote pale."

"Popote hakuna difu yake," nea Gavrilă akamwambia. "Tairi likirefuka, gia lazima iwe nzito zaidi, la sivyo utaunguza klachi ukiwa bado unamuaga mama yako. Kaa chini, uamue unakwenda wapi, kisha unipigie." Kijana alipiga baada ya wiki mbili, na hadi leo humletea jibini kila Pasaka.

Sasa nije kwenye Oktoba ya mwaka 2009. Tulikuwa tunafufua gari la zamani la magurudumu manne yanayovuta, liwe la kupanda Poiana Ursoaiei, kijiji ambacho theluji ikianguka hakifikiki kwa gari la kawaida. Ekseli ya mbele ilipasuka tukiwa karibu kumaliza. Nea Gavrilă alikuwa likizo, anapika pombe ya plamu kwao, na katika siku hizo hata serikali haimpati. Mimi nilikuwa dereva mpya, mkataba wangu wa majaribio ukiwa umebakiza mwezi mmoja, nikitaka sana kuonekana. Nikaenda kwenye uwanja wa magari mabovu wilaya ya jirani, nikapata ekseli ya umbo lile lile, yenye matundu ya bolti yale yale. Tukaifunga kwa siku mbili. Nikaliendesha kilomita sitini kwenye lami likiteleza kama siagi, nami nikajiona fundi.

Jumapili yake, baada ya ibada, Padre Teofil alifika na maji ya baraka na shada la mrehani ili alibariki gari. Meya alikuwepo. Nea Gavrilă naye akatokea, kavaa suti ya kanisani, akaitazama ekseli asiyoijua, akavua koti, akalala chini ya gari.

Njia yake ilikuwa ile ile ya siku zote. Alipiga jeki gurudumu moja la nyuma, akalichora chaki pamoja na propela, akalizungusha mara mbili kamili huku akihesabu propela imezunguka mara ngapi. Mara nne na kidogo. Akahamia mbele, akafanya vile vile. Mara nne na zaidi ya nusu, ilhali hesabu hizo mbili zinapaswa kuwa sawa. Alirudia, kisha akatoka, akaufunga mlango wa gari na kutia ufunguo mfukoni.

Mkurugenzi wa wakati ule, marehemu Bwana Lăzăroiu, alimsogelea na kusema kwa sauti ya chini ambayo wote tuliisikia. "Gavrilă, usiniaibishe mbele ya watu. Gari limetembea kilomita sitini."

"Limevutwa na magurudumu ya nyuma tu, bosi. Ya mbele bado hayajaulizwa. Mkiyaunganisha kwenye theluji, ya nyuma yatataka kwenda na ya mbele yatachelewa. Usukani utakuwa pambo. Na huko Poiana kila kona ina korongo."

Padre Teofil, shada likimdondoshea maji viatuni, akauliza, "Mwanangu, mimi niliitwa kubariki gari moja. Wewe unasema yako mawili?"

"Mawili, Baba, yamefungwa pamoja."

"Basi la nyuma lisubiri la mbele," akasema padre, akaenda kula.

Watu walicheka, meya naye akacheka, na hilo ndilo mkurugenzi hakulisamehe. Kesho yake alitaka kujua nani kaleta ekseli hiyo. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nea Gavrilă akajibu, "Kinachofungwa kwenye gari la karakana hii ni dhamana yangu. Andika jina langu." Akaandikwa barua ya onyo: ekseli isiyofaa ilifungwa chini ya dhamana yake, naye akalizuia gari mbele ya meya. Cheo cha mkuu wa karakana, kilichokuwa kiwe chake kufikia Krismasi, kikapewa mwingine. Mkataba wangu ukathibitishwa. Sikusema neno, na aibu hiyo nimeibeba hadi leo.

Alitafuta wiki sita, akapata krauni na pinioni, zile gia mbili za ndani ya difu, zenye meno sahihi, akatia nukta mbili nyekundu badala ya moja. Tarehe 19 Desemba niliteremka na gari hilo kutoka Poiana, theluji ikifika magotini, mama mjamzito na mkunga wakiwa nyuma yangu, magurudumu yote manne yakivuta. Kwenye kila kona usukani ulinitii. Mtoto alizaliwa hospitalini, salama. Gari hilo limefanya safari mia nne na kumi na mbili za uokoaji, na difu hizo hazijafunguliwa tena isipokuwa kubadilishiwa oili.

Mwezi uliopita nilimweleza mkurugenzi wetu, Bibi Veturia Sălăjan, ukweli wote. Alikubali barua ile iondolewe jaladani kabla ya sherehe hii. Nikakimbilia stoo kumpa nea Gavrilă habari hiyo. Alikuwa anapanga beringi, wala hakugeuka.

"Iacheni humo humo," alisema. "Ndiyo karatasi pekee jaladani inayosema nilifanya nini hasa."

Basi imeachwa. Nyuma yake imebanwa karatasi ya pili, imeandikwa kwa mkono wangu, inasema nani aliyeleta ekseli ile.

Nea Gavrilă, karakana nzima inakushukuru, na inakuombea wewe na Bibi Lucreția afya, raha na miaka mingi. Mimi nakushukuru kwa kunyamaza kwako. Unisamehe kwa kunyamaza kwangu.

Smaranda Hodiș, dereva