Nilivyonusurika na Kesi ya Kupika Data

Wakubwa wangu, shikamooni. Wenzangu, mambo vipi. Mwenyekiti kanisimamisha niseme Mungu alilonitendea, akaniongezea sikioni, "Kwa kifupi, na usituanzishie maswali yako." Nitajitahidi.

Ndugu zangu, najua hapa jumuiyani wapo ambao hawajanisamehe kile kicheko. Watu wameinamisha vichwa, mama wa watu anataja shida zake, mimi nikaangua kicheko mpaka mtoto akaamka mgongoni kwa mama yake. Mama yangu mzazi hakunisemesha njia nzima hadi nyumbani. Leo naomba nieleze, maana kicheko kile ndicho kilichookoa ajira yangu.

Mnajua nilimaliza chuo nikakaa nyumbani, nikakaa, mpaka majirani wa hapa Makole mkaanza kunituma dukani. Hatimaye nikapata kazi kwenye kampuni inayouza mbegu za alizeti kwa wakulima. Nilikuwa kwenye muda wa majaribio. Kampuni ikaleta mafunzo ya data kwa wafanyakazi wote, na mwishoni kila mmoja angeonyesha kazi yake mbele ya mkurugenzi. Aliye kwenye majaribio akiboronga, mkataba wake unaishia hapo. Aliye kwenye majaribio nilikuwa mimi peke yangu.

Mwalimu alikuwa dada mmoja kutoka Dar, mkali, haraka haraka. Mhasibu wetu alibonyeza kompyuta kwa kidole kimoja kama anayemwamsha mgonjwa. Mzee wa stoo aliuliza kama ukikosea jedwali umeme unaweza kukatika ofisi nzima. Mimi na shahada yangu nilikaa mbele. Kila aliyeonyesha namba nilimuuliza, "Umejuaje?" Wakanibatiza Bwana Umejuaje.

Kazi niliyopewa ilikuwa kuwapigia simu wakulima walionunua mbegu msimu uliopita, niwaulize zimekuwaje. Nilipiga mpaka sikio likapata joto. "Shikamoo mzee, habari za mbegu zetu?" "Nzuri." "Asante mzee." Nakata, napiga nyingine. "Nzuri." "Nzuri tu, mwanangu." Ijumaa nikaweka chati yangu ukutani kwa projekta: duara moja, rangi moja.

Dada akaitazama. "Hii ni nini?"

"Chati ya duara, mwalimu."

"Hii ni chapati. Hakuna hata mmoja aliyelalamika?"

"Hakuna."

"Tanzania hii? Watu wanailalamikia mvua isiponyesha, na ikinyesha wanailalamikia tena. Kijana, umepika data."

Mzee wa stoo akanyoosha mkono taratibu. "Mwalimu, umejuaje?" Chumba kizima kikaangua kicheko. Mimi sikucheka. Ndugu zangu, kupika data ni kukaa mezani na kujitungia majibu. Ni wizi. Niliambiwa Ijumaa inayofuata, mbele ya mkurugenzi, nilete ukweli au nilete funguo za ofisi.

Nikapiga upya simu zote. "Nzuri." Mzee mmoja wa upande wa Mtera akaniuliza, "Mjukuu wangu, una tatizo gani? Si nimeshakujibu?"

Katikati ya wiki hiyo mama akaniburuta hapa. Nilikuja kwa shingo upande. Mlangoni nikamsalimia mama mmoja, yupo hapa, simtaji. "Habari za nyumbani, mama?" Akatabasamu. "Nzuri, tunamshukuru Mungu." Tukaimba, tukasoma neno, tukafika kwenye nia za maombi. Mama yule yule akainuka: upepo umeezua bati, mbuzi wamekula shamba la jirani na kesi iko kwa mtendaji wa mtaa, na baba watoto kaanguka na bodaboda, mguu umefungwa hogo la plasta.

Nikacheka. Mama, nisamehe. Sikucheka bati wala mguu. Niliwaona wakulima wangu wote wakisema "nzuri", na mimi nikikata simu.

Kesho yake asubuhi nikapanda gari hadi Kibaigwa, nikawaone wakulima uso kwa uso. Sokoni, nyuma ya malori yanayopakia mahindi, nikaelekezwa kwa mama mmoja mkulima niliyekuwa nimempigia mara mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, hujambo?"

"Sijambo. Habari za mbegu?"

"Nzuri."

Nikanyamaza. Nawaambieni, kunyamaza ni kazi ngumu kwa mtu aliyesoma. Nikakaa juu ya gunia, nikatazama malori. Akanitazama. Akahamisha mzigo wake. Kisha akasema, "Nzuri baba. Ila hazikuota."

"Hazikuota kiasi gani?"

"Zote. Zilizobaki bila kupandwa nikawapa kuku. Nao wakazichagua."

"Sasa mama, mbona kwenye simu ulisema nzuri?"

"Si ulinisalimia? Ulitaka nikujibu mbaya, kama sina adabu? Nikaanza kukueleza, ukakata."

Nikarudi ofisini na kuwapigia wote kwa mara ya tatu. Safari hii nilisalimia, nikapokea "nzuri" yangu, nikangoja. Na baada ya kimya, "ila" zilimiminika.

Ijumaa chati ilikuwa na rangi nyingi kama kitenge. Mkurugenzi akauliza, "Kwa hiyo mbegu zetu hazikuota. Umejuaje?"

"Nilisalimia, halafu nikanyamaza."

Mzee wa stoo akakohoa. Akasema yale magunia ya mbegu yalikaa stoo chini ya bati kipindi chote cha joto, yakawa ya moto huwezi hata kuyashika.

Mkurugenzi akageuka. "Na wewe mzee, kila asubuhi napita nakuuliza habari za stoo!"

"Ndiyo, bosi. Na mimi nakujibu nzuri. Wewe unapita."

Aliyeanza kucheka ni mkurugenzi mwenyewe. Siku hiyo iliamuliwa kila mkulima arudishiwe mbegu nyingine, na wiki iliyofuata nikapewa barua ya kuthibitishwa kazini.

Namshukuru mama mwenye bati lililoezuliwa; Jumapili vijana tutakuja kuliezeka upya. Namshukuru mama wa Kibaigwa, na mwalimu aliyenikatalia chapati yangu. Mama, asante kwa kuniburuta. Niliyojifunza ni machache: ukimuuliza mtu hali yake, usiondoke na jibu la kwanza. Hilo ni la heshima tu. Kaa kidogo, la pili linakuja.

Jumatatu naanza kuzungusha mbegu mpya vijijini. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kuja hapa, nami natoa nia: niombeeni ziote. Nimeziotesha chache kwenye kopo dirishani, zimechipua zote. Lakini kopo nalimwagilia mwenyewe, na mvua siwezi kuipigia simu.