Athumani Shemweta, Fundi Aliyefungiwa Akiwa Nyuma Tatu Bila

Alhamisi hii, tarehe 30 Aprili 2026, Athumani Shemweta anarudisha kitambulisho na funguo baada ya miaka ishirini na miwili ya kuipoza hoteli yetu hapa West Bay, huku Uarabuni. Alifika kutoka Muheza akiwa fundi viyoyozi kijana mwenye nywele. Viyoyozi bado vipo.

Kazini hana wa kumsema vibaya. Mgeni akilalamikia joto kwenye chumba chenye baridi ya kutetemesha, Athumani alifungua kifuniko, akatazama ndani kwa huzuni ya daktari, akakifunga bila kugusa kitu. Wengi walimshukuru kwa matengenezo hayo.

Bwenini kwetu, mtaa wa Najma, Athumani alikuwa mwenyekiti wa michango ya harusi, na hapo hakuwa na mzaha. Kwenye harusi ya mwenzetu Halima, Wesley wa ulinzi alikuja na sahani bila kuchanga. Athumani alimsimamisha mbele ya sufuria la kulisha bweni zima, akamjulisha kuwa pilau ni la waliochanga. Wesley alikula mkate siku ile.

Mwenyekiti huyo huyo alikuwa na mashine ya gemu iliyochokonolewa ndani ili icheze gemu za wizi. Kila Ijumaa alicheza nayo mpira mtandaoni na mkewe, Bi Sabra, aliyeko Tanga na mashine yake halali. Msicheke. Mke na mume wakitenganishwa na bahari miaka yote hiyo, hutafuta pa kukaa pamoja, na hawa walikaa hapo.

Ijumaa moja mwaka juzi, Bi Sabra akiongoza tatu bila, watengenezaji wa mashine wakamfungia Athumani. Mashine iliwaka kama kawaida na gemu zilifunguka, ila mtandaoni hakuruhusiwa tena kukanyaga. Tanga ilieleweka vingine: mume amezima mashine kukimbia kipigo. Aliposingizia mtandao, Bi Sabra akaacha kupokea simu zake. Tulianza kwa kucheka, kisha tukamwona anavyokonda, tukaacha.

Hasira akazihamishia kwa kampuni. Tajiri kama yule, alisema, anaumia nini maskini akicheza bure? Omondi, mlinzi mwingine, alikuwa na jibu: "Hao wasee wanataka tu ununue ingine." Athumani alilipenda sana, akalihubiri jikoni wiki nzima, mpaka Arafa, mpishi wetu wa Unguja, akachoka.

"Na wewe, ulimnyima Wesley pilau kwa nini?" akamuuliza huku akikoroga uji. "Lingekwisha?"

Athumani alijibu upesi, kimwenyekiti, kwamba lisingekwisha, ila waliochanga walikuwa wanatazama. Angempakulia Wesley, harusi ijayo nani angetoa chochote? Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Chumbani peke yake kampuni ilimwacha acheze gemu zake za wizi mpaka achoke. Ilimtoa kwenye mkeka wa waliolipa tu, na mkewe alikuwa mmoja wao.

Kesho yake akanunua mashine halali. Omondi anadai hoja yake ndiyo imeshinda, maana kampuni imeuza mashine ya pili. Arafa hakubali hata kidogo. Idara ya Matengenezo haijatoa uamuzi.

Ilibaki Tanga. Athumani aliazima simu ya Arafa, akampigia mkewe na kukiri kila kitu. Bi Sabra alisamehe wizi. Mechi hakuisamehe: alisema ile haijaisha, na itamaliziwa sebuleni kwake, mume akiwa amekaa pale anapoonekana. Nyingine wamecheza nyingi tangu siku hiyo, lakini ile imewekwa.

Kwenye mchango wa kumuaga, Wesley alitoa wa kwanza. Ametaka iandikwe, nasi tumeandika. Naye alipakuliwa pilau na mwenyekiti mwenyewe, tena na nyama ya juu.

Fundi Athumani, ahsante kwa baridi, kwa ukali na kwa vichekesho. Tutakukumbuka kila joto likipanda, yaani karibu kila siku. Mungu akupe afya na uzee mtamu. Bi Sabra ameshatandika mkeka na kuweka pedi mbili za gemu. Unaanza ukiwa nyuma tatu bila, na safari hii huna mtandao wa kusingizia.