Kitasa Kilichotoka Dirishani

Benchi letu liko chini ya dirisha la mjomba wangu, ghorofa ya pili, kati ya duka la viatu na ngazi za jengo. Mjomba ameandika vitabu vitatu kuhusu maneno na maana zake. Wasomi hutoka mbali kuja kumuuliza alikusudia nini, na wakishashindwa kumwelewa hushuka benchini, wakatununulia kahawa ili tuwaeleze sisi. Tangu apasuliwe koo hawezi kusema. Akiwa na jambo huliandika, akaizungusha karatasi kwenye kijiko cha chai na kukitupa chini. Safari moja alituandikia, "Kahawa yenu inanuka kuungua." Tuliijadili wiki mbili, na msomi mmoja akaifanyia tasnifu. Siku ninayoieleza ilikuwa Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Tulikuwa wanne: mimi, Karani aliyestaafu mahakamani, Fundi Redio, na Mama Birika, mwenye kahawa. Kijiko kikaanguka miguuni pa Karani.

— "Mlango hautaki kufunguka," Karani alisoma, kisha akavua miwani. — Jamani! Mzee kaamka na moto leo.

— Rudia, polepole, alisema Fundi Redio.

— "Hautaki." Umeona hapo? Mlango una utashi wake. Huo ni ushahidi.

— Acha zako, Karani. Mlango ni lugha. Sisi tuko nje, maana iko ndani. Kama redio tu: sauti unaisikia, mtangazaji humwoni.

— Sasa mtangazaji kaingiaje humo?

— Ndiyo hapo sasa!

— Nyie hamjui kitu, alidakia Mama Birika. — Hapo kuna mwanamke. Mzee anamsema mkewe aliyemkimbia.

— Mjomba hajawahi kuandika jambo jepesi, nilisema, kwa sauti ya mwenye ukoo. — Someni kitabu cha pili.

Mimi mwenyewe kitabu cha pili sijavuka ukurasa wa tisa, lakini hakuna aliyeniuliza.

— Tulieni, alisema Karani. — Penye wazee hapaharibiki neno.

Saa tatu na nusu kikaanguka kitu kizito. Safari hii karatasi ilikuwa imezungushwa kwenye kitasa cha mlango. Nilisoma mimi: "Kitasa kimebaki mkononi mwangu. Daktari wa koo ananingoja saa nne."

Daktari yule huja mjini mara moja kila miezi mitatu. Nalijua hilo, maana tarehe niliiandika mwenyewe kwenye kalenda ya nyumbani, kwa wino mwekundu.

— Kabadilisha chombo! Karani alipiga paja. — Miaka miwili vijiko, leo kitasa. Huo ni mwanzo wa zama mpya.

— Na daktari ni nani? aliuliza Fundi Redio.

— Msomaji, bwana. Msomaji anangoja apewe maana, mwandishi kashika kitasa, mlango hana.

— Na saa nne je?

— Kaandika vitabu vingapi?

— Vitatu.

— Basi! Cha nne kinakuja!

Mama Birika akapiga kigelegele.

— Ngoja nipande nikampongeze, nilisema, nikainuka.

— Ukamkatize mtu anawaza? alinizuia Karani. — Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ngazi zile hazina taa.

Nikakaa.

Saa nne kasoro dakika tano kikaja kijiko tena. Karatasi ilikuwa tupu, mbele na nyuma. Karani aliishika kwa ncha za vidole, machozi yakimlengalenga.

— Amefika, alisema. — Hapa maneno yameisha.

Huko juu ngumi zikaanza kugonga ubao.

— Na mdundo kautia, alisema Fundi Redio.

Ndipo alipopita dobi mpya, hata wiki hajamaliza mtaani, na furushi la mashati begani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu. Keti upate elimu.

Hakuketi. Alizisoma karatasi zote, akakigeuza kitasa mkononi, akatazama dirishani.

— Nani kapanda kuusukuma huo mlango?

Karani alifuta miwani iliyokwisha kung'aa. Fundi Redio alisokota kitufe cha redio isiyo na betri. Mama Birika aliinamisha birika. Yakatoka mashapo matupu. Kisha wote wakanitazama mimi, ndugu wa damu. Saa ya duka la viatu ilionyesha nne na dakika ishirini.

Dobi aliyatua mashati yake benchini, akapanda. Tulisikia kishindo kimoja tu cha bega.

Mjomba alishuka amevaa koti lake la kutokea, kadi ya hospitali mkononi. Alisimama mbele yetu. Hakuandika kitu. Alikichukua kitasa, akakiweka kiganjani mwangu, akanikunja vidole kimoja kimoja mpaka nikakishika sawasawa. Kisha akaondoka, dobi kamshika mkono.

— Kukukabidhi wewe kitasa, alinong'ona Karani walipokata kona, — hapo alikusudia nini?

Nilikuwa nimeelewa. Ndiyo maana sikumjibu.