Bwana Picha na Moshi wa Sebuleni

Baada ya miaka thelathini na miwili katika chumba cha eksirei, mwenzetu tuliyezoea kumwita Bwana Picha anastaafu kwa hiari tarehe 30 Juni. Kaomba niandike mimi, muuguzi wa kliniki ya kifua, kwa sharti moja: nisimpambe. Nitajitahidi, ingawa mkono unawasha.

Alianza kazi enzi za filamu za kuoshwa gizani, mikono ikinuka siki hadi nyumbani. Mashine ya kompyuta ilipoletwa aliinunia wiki nzima, kisha akawa ndiye fundi wake. Watoto walioogopa kile chumba cha baridi aliwaambia wasimame kama askari kwenye gwaride, na walisimama. Hata mganga mkuu, aliposhusha pumzi kabla ya wakati, alirudishwa kupigwa upya. Cheo kilibaki mlangoni pamoja na shati.

Jicho lake ndilo lililotusaidia zaidi. Akiona kivuli kidogo kama punje ya mahindi pembeni mwa pafu, hakumtisha mgonjwa, alileta picha kwa daktari mbiombio. Wapo wanaotembea leo kwa sababu kivuli kilionekana mapema, kikachukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama ya pafu, na maabara ikataja aina ya saratani. Aina kubwa ni mbili: ya seli ndogo, inayosambaa upesi na mara nyingi hutibiwa kwa dawa za kemikali na mionzi, na isiyo ya seli ndogo, iliyo ya kawaida zaidi, ambayo ikiwahiwa yaweza kukatwa ikatoka.

Sasa penye aibu, na yeye ndiye aliyetaka pasemwe. Kila aliyesimama mbele ya mashine alimuuliza kama anavuta sigara, na aliyekubali alipata somo la bure. Jioni mwenyewe aliketi sebuleni, madirisha yamefungwa, akiwasha moja baada ya nyingine. Mkewe, fundi cherehani, alishona pembeni yake. Pakiti ilichungulia kwenye mfuko wa koti lake jeupe la kazini, nasi tuliifanyia utani tu. Leo utani ule hauchekeshi.

Mkewe alipoanza kukohoa, mtaalamu wetu huyuhuyu alitoa hukumu bila picha: vumbi la vitambaa. Akamnunulia dawa ya kikohozi, chupa juu ya chupa. Mama akapungua, blauzi alizojishonea mwenyewe zikampwaya, na alipoona damu kwenye leso ndipo akaletwa. Mumewe alimpiga picha kwa mkono wake. Habari aliyozoea kuileta mbio, siku hiyo aliileta akitembea polepole.

Daktari alimuuliza mama kama amewahi kuvuta.

"Sijawahi. Labda moshi wa jikoni, daktari," alijibu, akitazama sakafu.

Mumewe alikuwa palepale. Ni kweli moshi wa jikoni unadhuru, na vumbi la asbestosi vilevile, na ugonjwa huu humpata hata asiyeguswa na chochote. Lakini mama alikuwa akimsitiri mumewe. Kesho yake Bwana Picha alirudi kwa daktari peke yake, akasema ukweli huku akilia. Daktari hakumkemea. Alisema hakuna awezaye kuapa kilichosababisha, ila moshi ukome ndani ya nyumba ile leo hii. Umekoma.

Kamera nyembamba ilipitishwa kwenye njia ya hewa, kinyama kikatolewa, na vipimo vikaonyesha ni ile isiyo ya seli ndogo, haijasambaa mbali. Mama amekatwa sehemu ya pafu, sasa yuko kwenye dawa za kemikali. Hatujui itakuwaje, wala hatutajifanya tunajua. Ndiyo maana mumewe anaondoka kabla ya umri, akamuuguze.

Alikataa zawadi, akakataa hata makofi, akisema hana uso wa kupokea. Nilimpelekea mama habari hiyo, naye amenituma niwasomee haya: "Mwambieni baba watoto anyanyue kichwa. Nimeshamsema nyumbani, imetosha. Jumatatu nina dozi, na sitaki kusindikizwa na mtu anayetazama viatu."

Asante kwa kazi, Bwana Picha. Tunawaombea nyote wawili afya na miaka mingi pamoja. Sasa simama tukupigie makofi. Ni amri ya mkeo.