Karani Aliyemtafuta Jumbe Kitabuni

Leo, tarehe 30 Juni 1978, Ndugu Melkior Kasonso anakabidhi funguo za masijala ya Mahakama ya Mwanzo ya Kapalamila, wilayani Mpanda, baada ya kuitumikia kwa miaka thelathini na mmoja.

Alianza akiwa tarishi, akapanda hadi karani mkuu. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuvitunza vitabu vya sheria. Kila Gazeti la Serikali lilipofika kwa treni kutoka Tabora, alikata vipande vya marekebisho na kuvibandika juu ya maneno yaliyofutwa. Gundi aliipika mwenyewe kwa unga wa muhogo, na mende walipoanza kuila, aliitia pilipili. Hakimu mmoja mgeni alikuwa na tabia ya kulamba kidole ili kufunua kurasa. Siku alipofungua kurasa zenye pilipili, kesi mbili ziliahirishwa, hakimu akitafuta maji.

Kitabu kikubwa kilinenepa kwa vipande hata kikakataa kufungika. Ndugu Melkior alikikandamiza kwa tofali alilolibeba kutoka kwake Misunkumilo. Tofali hilo sasa limo katika orodha ya mali ya ofisi.

Mwaka 1974 alishtakiwa Hilari, mrina asali wa Shanwe, kwa amri ya mwaka 1941 iliyokataza mtu kuingia porini kurina asali bila barua ya jumbe. Adhabu ilikuwa miezi sita jela. Hilari alikuwa ameiomba barua hiyo katika kila ofisi ya Kashaulili, akachekwa kila mlango.

"Mnanidai barua ya jumbe," alisema kizimbani, "basi nionyesheni huyo jumbe, nami nitamwamkia!"

Watu walicheka. Ndugu Melkior hakucheka. Alikumbuka kwamba cheo cha jumbe kilifutwa baada ya Uhuru, na kwamba kipande cha kukifuta alikibandika yeye mwenyewe katika kitabu kingine. Amri ya asali hakuna aliyeigusa. Alivileta vitabu vyote viwili mbele ya hakimu, akavifungua kimoja kando ya kingine. Sheria moja ilidai barua ya mtu ambaye sheria nyingine ilikwisha kumwondoa. Mimi ninayesema haya, karani mwenzake niliyeisoma amri ile zaidi ya mara ishirini bila kuona kitu, nilivisogelea vitabu na kuvisoma upya.

Hakimu aliahirisha kesi na kuiandikia kamati iliyokuwa ikizunguka kupitia sheria zilizopitwa na wakati. Ilipofika Mpanda, mjumbe mmoja alipendekeza neno "jumbe" libadilishwe kuwa "katibu kata", kazi iishe. Ndugu Melkior aliomba ruhusa ya kusema.

"Waheshimiwa, neno hilo nitalibandika leo hii. Lakini waulizeni kwanza warina asali amri hii ilikuwa ya nini."

Wakaulizwa. Mzee Nyanzala, aliyerina tangu enzi za majumbe, alieleza kwamba barua ile ilimwezesha jumbe kujua nani amewasha moto wa kufukuzia nyuki porini. Hivyo kamati ilipendekeza barua ifutwe, ubaki wajibu wa kila mrinaji kuzima moto wake kabla ya kuondoka. Pendekezo lilikubaliwa, likatangazwa mwaka 1975, na shtaka likaondolewa. Hilari alikuwa amepoteza msimu mzima, lakini hakulala jela hata siku moja.

Alileta kibuyu cha asali. Ndugu Melkior alikirudisha, akisema mtumishi hapokei zawadi kwa kazi anayolipwa mshahara. Hilari amekileta tena kila msimu, nacho kimerudishwa kila msimu.

Ndugu Melkior, tunakushukuru kwa macho yako na kwa gundi yako. Tunakuombea afya, usingizi mtulivu na miaka mingi pamoja na Mama Romana. Kesho asubuhi hutakuwa mtumishi tena, na Hilari ametuarifu kwamba atabisha hodi Misunkumilo mapema. Tumevipekua vitabu vyako vyote, hata chini ya vipande. Hakuna ukurasa unaokukataza kukipokea kibuyu hicho.