Mjukuu wa Saba wa Mzee Obedi

Wachungaji, majirani wa Igogo na ndugu mliotoka Kisesa, poleni sana, mnivumilie, shule yangu ilikuwa ndogo, sauti ndiyo kubwa, familia imenituma mimi Bernadeta, dada wa marehemu, niwasomee maisha yake.

Marehemu Obedi Machibya alizaliwa tarehe 9 Juni 1957 huko Kisesa, Magu, akamaliza darasa la saba mwaka 1972, akachunga ng'ombe wa baba, tarehe 14 Desemba 1985 akafunga ndoa na Hellen, wakajaliwa watoto wanne, na mwaka 1992 akaajiriwa kiwanda cha samaki hapa mjini, akakata minofu ya sangara miaka ishirini na mbili, mpaka paka wa Igogo wakawa wanamsindikiza nyumbani, chekeni tu, hata yeye alikuwa anacheka.

Alikuwa mzee wa kanisa, akifundisha darasa la Biblia, na hapa sifichi, kila Januari alianza kusoma Mwanzo, masika yakimkuta Kumbukumbu la Torati anafunga kitabu anakwenda Kisesa kupalilia, Januari nyingine anaanza upya, miaka thelathini, kurasa za mbele zimelegea kama soli ya zamani, za nyuma bado zimeshikana, hizo alizisikia vipande vipande kwa mchungaji, ila alichofundisha ni cha mbele.

Sasa tarehe 2 Mei 2014 mwanawe Shimba na mkewe Rebeka wakampata Justa, mtoto akazaliwa haoni, na marehemu akasimama mbele ya darasa lake, akasoma kule Kutoka, pale uovu wa baba unapowafuata watoto mpaka kizazi cha nne, akasema babu yake Rebeka alikuwa mganga, basi mtoto amebeba ya mganga. Neno lile lilishasemwa mbele za watu, kulirudisha akashindwa, likamfunga mwenyewe, kwenye jalada la Biblia alikoandika wajukuu wakaishia sita, wa saba hakumwandika, na Justa tangu ajue kusema akimpa shikamoo, babu anaitikia kwa kukohoa, na kikohozi hana.

Tarehe 20 Februari 2023 akapooza upande mmoja, akalazwa nyumbani kwenye chumba ambacho dirisha linatazama jiwe, kugeuka hawezi, kukimbilia Kisesa hawezi, Januari ikafika akataka kusomewa, Hellen maandishi madogo hayaoni, watoto wako kazini, aliyebaki ni Rebeka, aliyesomea ualimu chuo cha Butimba ila ajira bado, na kwa kuwa kwetu mkamwana haingii chumba cha baba mkwe, akaweka kiti mlangoni, nyuma ya pazia, akasoma. Masika yakaja, hakuna wa kwenda kupalilia, Rebeka akapitiliza, wakafika Ezekieli, nabii anasema mwana habebi uovu wa baba yake, marehemu akaomba irudiwe mara tatu, akamuuliza mkewe kama Mungu amegeuza maneno, Hellen akamjibu, "Mungu alisonga mbele, wewe ndiye hukufika."

Walipofika Yohana, wanafunzi wanauliza nani alikosa, kipofu au wazazi wake, na Yesu anasema si yeye wala wazazi wake, sauti nyuma ya pazia ikakatika, marehemu akasema, "Endelea mama, usiniache hapa."

Rebeka akamaliza sura. Justa akaitwa, akatoa shikamoo yake, na babu akasema, "Marahaba, mjukuu wangu."

Jumapili iliyofuata darasa zima liliitwa pale kitandani, akawaambia amewafundisha mlangoni miaka yote na ndani hakuwaingiza, ila mkono wa kuandika ulikuwa umekufa, jalada likabaki na sita, akaniagiza nilirekebishe siku ya kumzika, ndiyo leo.

Alifariki tarehe 11 Julai 2025 alfajiri. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa kiwandani, darasa lake, na majirani mliombeba kupanda na kushuka mawe yetu haya. Ameacha mjane, watoto wanne, na wajukuu saba, narudia kwa aliyeko nyuma, saba, na huyo aliyetangulia na msalaba mbele ya jeneza, ameshikwa mkono na Shimba, ndiye Justa.

Kaka, pumzika kwa amani, hesabu yako tumeisoma mpaka mwisho.