Kigae cha Moto Mlangoni Pangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliokaa nyuma karibu na mlango, maana huko ndiko nilikokaa mimi.

Mume wangu alifariki kabla hatujahamishiwa kijiji hiki cha ujamaa. Ndugu zake wakasema nimemloga. Ushahidi wao? Macho yangu mekundu! Ni moshi wa kuni ule, jamani. Ningekuwa na uchawi ningeufukuza kwanza huo moshi.

Tulipohamia huku Kaliua, nyumba zikapangwa kwa mistari. Mstari wangu ulijaa, isipokuwa kiwanja cha kulia kwangu na cha kushoto. Na desturi yetu mnaijua: moto ukikuzimikia, unachukua kigae, unakwenda kuomba makaa kwa jirani. Kwangu hakuja mtu. Walipita mlangoni na vigae vyao, wakaenda kuomba mbali. Wengine mpo hapa, msiiname! Hata jumuiya ya sala iliyozunguka nyumba kwa nyumba, kwangu iliruka. Nikawa naimba nao nikiwa ndani, peke yangu, kwa sauti ndogo. Upweke unauma, ndugu zangu! Kila siku niliuchochea moto wangu usizime, nikisema labda leo atakuja mtu.

Asubuhi moja nikasikia hodi. Alikuwa mke wa mwinjilisti, kigae mkononi, na watu wanamtazama.

"Shikamoo, mama. Naomba moto."

"Marahaba, mwanangu. Moto wa kwangu mimi?"

"Kwani wa kwako hauivishi?"

Nikamjazia makaa. Alipokuwa anarudi nikatazama nyumbani kwake. Moshi ulikuwa tayari unatoka jikoni! Alikuwa na moto wake, ndugu zangu. Hakuhitaji wangu.

Nikakaa chini nikalia. Baadaye akaniletea michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyoichemsha kwa makaa yale, tukala sahani moja mlangoni, kijiji kizima kikisubiri afe. Hakufa! Jumapili iliyofuata jumuiya ilisali kwangu, na nikaimba kwa sauti yangu yote.

Sasa nina majirani kulia na kushoto, na mmoja ana kelele mno, Mungu ambariki. Namshukuru Yesu, aliyebisha hodi kwangu. Mpendwa uliye peke yako, mtumaini, usiuache moto wako uzime. Nawe usiye peke yako, kesho asubuhi, hata kama jiko lako linawaka, chukua kigae uende kwa yule mnayemruka.